Mwaka Niliovaa Viatu vya Watu

Kutoka Kahama hadi Busia nilitumia siku tano, na mbili kati ya hizo nilikaa juu ya magunia ya dagaa. Lori la mpunga lilinifikisha Mwanza, na pale nikasubiri siku nzima nyuma ya soko la samaki hadi nikampata dereva aliyekubali kunibeba, kwa sharti kwamba nisiongee na askari yeyote njiani na nisilale upande wa kushoto, maana kule kamba zilikuwa zimelegea. Tukapita Sirari, tukapanda vilima vya Kisii vyenye baridi, tukashuka Kisumu. Njiani mzigo ulibadilika jina bila kuguswa: dagaa Mwanza, omena Kisumu, na Busia nikasikia mwanamke akiuita mukene. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa plastiki, na raba nyeupe ambazo hazikuwa nyeupe tena. Nilikuwa nakwenda Kampala. Baada ya Kampala nilikuwa nakwenda mbele. Mbele ipi sikujua, na kutojua huko ndiko kulikonipendeza. Dereva aliponishusha upande wa Kenya, hatua chache kabla ya mpaka, alifunga dirisha la lori ndipo akaniaga, kwa sababu ya harufu.

Katika kurasa hizi nimeandika habari za miji mingi, lakini mwaka wa Busia nimekuwa nikiuruka. Kila nikiketi kuuandika napata kazi nyingine ya kufanya. Mwezi uliopita simu iliita nikiwa hapa Tunduma, mpakani pia, maana naona sijui kuishi mbali na mpaka. Alikuwa Wandera, fundi viatu wa Busia, ambaye sauti yake haijazeeka hata kidogo. "TZ," akasema, kwa jina walilonipa wote kule, "yule mama wa viatu ametuacha. Tumemzika Jumamosi." Nikauliza alikuwa anaumwa nini, akaniambia, kisha akacheka peke yake na kusema, kwa neno lake la viatu, "Unakumbuka zile njumu za mwalimu?" Nikamwambia nakumbuka. Usiku ule sikuandika, lakini asubuhi nilianza.

Mama Nyafwono, ndiye huyo mama wa viatu, hakunitazama usoni siku ya kwanza. Alikuwa ameketi kwenye stuli katika kibanda cha Wandera, upande wa Kenya, akisubiri viatu vyake vimalizwe. Mimi nilikuwa nimezivua raba zangu na kuzisugua kwa majivu kando ya mtaro, miguu mitupu, nikiwa na hakika kwamba harufu ile itaisha. Nikasikia sauti ya kike, nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kuita wateja: "Kijana, hebu simama hapo. Mguu yako namba ngapi?"

"Nane, Mama."

"Nane ya kweli ama nane ya kulazimisha?"

Wandera akatoka na kijiti chake cha kupimia, akanipima kisigino hadi kidole, mguu wa kulia kisha wa kushoto, akainua macho kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu. "Nane kamili, Mama. Huyu ametumwa na Mungu." Mama Nyafwono akauliza natoka wapi, nikamjibu. Akauliza nakwenda wapi, nikasema Kampala. "Kampala iko pale tu, haihami," akasema. "Kula kwanza." Nikala chapati tatu na maharage kwa hesabu yake, na sikufika Kampala mwaka ule.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kiatu kipya kikibebwa mkononi ni mzigo, na mzigo hulipiwa ushuru. Kiatu kikiwa mguuni ni cha mtu, na mtu haulizwi kwa nini amevaa viatu. Basi asubuhi nilivuka kuingia Kenya nikiwa na ndala, nikavaa viatu vipya kibandani kwa Wandera, nikatia ndala kwenye mfuko chini ya sukuma wiki, nikarudi Uganda kama mtu aliyetoka sokoni. Upande wa pili, katika chumba alichokodi Mama Nyafwono kuwa stoo na ambamo nililala, nilivua, nikapanga, nikavaa ndala, nikarudi. Safari sita, siku nyingine nane. Mara mbili kwa wiki nilipeleka viatu Tororo, ambako Mama alikuwa na kibanda chake sokoni na nyumba yake nyuma ya soko. Wandera alibandika tepu nyepesi chini ya kila soli na kuipaka mshumaa, ili ikibanduliwa kiatu kionekane hakijawahi kugusa ardhi. Lililobaki lilikuwa juu yangu: nisikunje mguu sana, maana ngozi ikishika mikunjo pale juu ya vidole hakuna mteja atakayeamini ni mpya.

Siku ya kwanza nilitembea kama bata. Afisa wa ushuru, mtu mnene mpole aliyependa kuegemea nguzo ileile kila siku, akaniita. "Wewe, viatu vinakubana?" Nikasema havinibani, afande. "Basi mbona unatembea kama umekanyaga mayai?" Watu wakacheka, naye akacheka, na nadhani kicheko ndicho kilichoniokoa. Mama Nyafwono aliona yote akiwa upande wa pili. Jioni ile kule stoo akaniambia nivae jozi nyeusi na nitembee mbele yake, kutoka mlangoni hadi ukutani, mara nyingi mno. "Mtu mwenye viatu yake haangalii chini," akasema. "Wewe naangalia chini kama umepoteza sindano. Inua kichwa. Tope ikiwa hapo, usiruke. Pita pembeni kidogo tu, kama mtu mwenye haraka. Ukikwepa kila tope, afande anajua hii si yake."

"Na zikichafuka, Mama?"

"Tepu iko kwa kazi gani?" Kisha akasema neno ambalo nimelibeba miji yote: "Barabarani ni yako. Ukifika kwangu, ni yangu. Usichanganye."

Kufikia mwezi wa pili sikuwa na mpinzani. Nilivuka na buti za mashambani, na viatu vya ofisini vya ncha kali, na sandali za ngozi, na kila jozi niliipa mwendo wake. Nikiwa na viatu vya ofisini nilitazama saa nisiyokuwa nayo. Nikiwa na buti nilisalimia watu kwa sauti. Baadaye maishani nimeingia katika ofisi ambazo sikustahili kuingia, nikaketi kwenye viti nisivyoalikwa, nikaomba kazi ambazo cheti changu hakikuzijua na nikazipata, na kila mara nilikuwa natembea kutoka mlangoni hadi ukutani mbele ya Mama Nyafwono. Sioni aibu kusema hivyo. Kuna watu walisomea mambo haya chuoni, mimi niliyasomea kwenye chumba chenye harufu ya gundi.

Chumba chenyewe nakipenda hadi leo. Maboksi ya viatu yalipanda kuta tatu hadi darini, na godoro langu lilikuwa chini ya ukuta wa nne, wa mbao, ambao ng'ambo yake waliishi wanawake wawili wauza nyanya. Asubuhi niliamka kwa mazungumzo yao. Mmoja alisema Lusamia na mwingine Ateso, wakakutana katikati kwa Kiswahili chao kilichokatwa mikia, wakisengenya wanaume wa kila kabila bila upendeleo. Niliwasikia wakinijadili mimi. "Huyu kijana ya Tanzania nalala na viatu mia moja," mmoja akasema, "lakini akiamka, navaa ndala." Mwenzake akacheka hadi akakohoa. Mimi nami nilicheka upande wangu, kimya, lakini neno lile lilinichoma mahali fulani, na naamini ndilo lililoanza kunifanyia kazi ndani.

Halafu palikuwa na Apio. Aliuza vifungo na nyuzi kwenye meza iliyopakana na kibanda cha Mama Nyafwono katika soko la Tororo, na kila nilipotokea alitazama miguu yangu kwanza. "Mtanzania, leo umekuja na miguu ya nani?" Ilikuwa salamu yake. Nilikuwa najibu leo ni ya daktari, leo ni ya mchungaji, naye alikuwa anasema mchungaji hatembei hivyo, labda mchungaji aliyefukuzwa. Nilianza kupanga safari za Tororo ziangukie saa ambazo soko limepoa. Mama Nyafwono aliona, akaniongezea kwenye sahani ugali wa ulezi na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim, ufuta wa kwetu, kama mtu anayenenepesha bwana harusi. Miezi ikaenda, mvua zikaisha zikarudi, na siku moja Apio akaniambia mama yake aliye Rubongi, nje kidogo ya mji, anataka kuona huyu mtu anayetajwatajwa. Alhamisi, chakula cha mchana. Nikamsihi asimwambie mama yake kazi yangu hasa ni nini. Apio akaniangalia sana. "Kwani kazi yako ina nini?" akauliza. Nikarudia tu kwamba asimwambie.

Wiki ileile Wandera alikuwa anamaliza jozi ya harusi. Mwenyewe alikuwa Mwalimu Owori wa Paya, mtu ambaye sikuwahi kumwona ila nilijua mguu wake, kwa kuwa ulikuwa namba nane kama wangu na Wandera alivijaribisha viatu vile kwangu kila hatua. Alikuwa anafunga ndoa kanisani Jumamosi. Mama Nyafwono alikuwa amempa neno lake kwamba Ijumaa mchana atavikuta kibandani. Na vilikuwa viatu! Ngozi ya rangi ya damu ya mzee, vitobo vidogo vidogo vimechezwa puani kama ushanga, kisigino cha tabaka za ngozi kilichogonga sakafu kwa sauti ya mtu anayejua anachokwenda kusema. Katika mwaka mzima nilivaa pengine jozi elfu moja na zaidi. Nilizipenda nyingi kwa dakika kumi za kuvuka. Ile nilianza kuipenda ikiwa bado vipande mezani.

Alhamisi asubuhi Wandera alinikabidhi. "Sikiza, buda," akasema, akinishika kifundo cha mguu kama anayetaka neno lipitie hapo. "Gundi ya soli bado changa. Mpaka kesho kutwa isiguse maji. Umande, sawa. Maji, hapana. Umenisikia?" Nilimsikia. Nikavuka, afisa akainua kidole gumba akiwa kwenye nguzo yake, nikaingia gari la Tororo navyo mguuni, maana ndiyo siku niliyoalikwa Rubongi. Kibanda cha Mama Nyafwono kilikuwa kimefungwa siku ile, alikuwa amekwenda msibani, na niliagizwa nimletee viatu Ijumaa asubuhi. Nilikuwa na ndala kwenye mfuko. Nataka niseme hili wazi, kwa sababu nilishawahi kulisimulia vingine: ndala zilikuwa kwenye mfuko, nami nilisimama pale mbele ya kibanda kilichofungwa, nikazigusa kwa mkono, nikaziacha humohumo. Nikatembea kwenda Rubongi na viatu vya Mwalimu Owori.

Nyumba ya mama yake Apio ilikuwa ya bati, na sakafu ilikuwa imesiribwa asubuhi ileile, bado inanukia udongo mbichi na samadi. "Karibu, mgeni. Viatu utaacha hapo mlangoni," akasema, na mimi nikavivua taratibu, nikaviweka sambamba juu ya jiwe la mlangoni ambapo mtu aliyeketi ndani asingeweza kukosa kuviona. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, mwenye tabia ya kukutazama hadi umalize sentensi na kuendelea kukutazama baada ya hapo. Kuku alikuwa amechinjwa. Apio alimimina maji ya kunawa bila kuniangalia.

"Apio nasema wewe nafanya biashara ya viatu."

"Ndiyo, mama. Natoa Kenya, naleta Tororo."

"Ni biashara yako?"

"Yangu na mama mmoja. Tunashirikiana." Apio akaweka birika chini kwa kishindo kidogo.

"Na ile iko mlangoni?"

"Ile ni ya kutembelea tu," nikasema. "Nina nyingine."

Tulikuwa katikati ya chakula mvua ilipofika. Haikuanza kwa matone. Ilitokea upande wa mwamba wa Tororo ikapiga bati kwa mkupuo, ikabidi tuongee kwa sauti kubwa, na kwa mlango uliokuwa wazi niliviona viatu vile juu ya jiwe, maji yakivirukia. Kutoka kwenye kiti changu hadi pale palikuwa na hatua nne. Nilizihesabu. Mama yake Apio naye alikuwa anavitazama. "Mgeni," akasema, "viatu yako nanyeshewa."

Nimepata muda mwingi wa kufikiria dakika ile. Nilijua gundi ni changa. Nilijua harusi ni keshokutwa. Mwili wangu wote ulikuwa umekwisha kusimama, ila mimi nilikuwa nimekaa. Kwa sababu nilijiuliza, mtu mwenye viatu vyake angefanya nini? Na somo langu lote la mwaka ule likanijibu: haangalii chini. Nikachukua tonge. "Viatu ni viatu tu, mama," nikasema. "Vitakauka." Akanitazama hadi nikamaliza sentensi, akaendelea kunitazama, kisha akanisogezea bakuli la mchuzi. Mvua ilinyesha hadi tukala nyama yote. Nilipotoka kuaga, viatu vilikuwa vimejaa maji kama vikombe viwili. Nikavimimina huku natabasamu, nikavivaa, nikaondoka kichwa juu, na soli ya kulia ilikuwa inanong'ona kwa kila hatua. Nilipokata kona na migomba ikanificha, nilivivua, nikavikumbatia kifuani, nikakimbia miguu mitupu hadi stendi.

Ijumaa alfajiri nilikuwa kwa Wandera. Alivipokea, akaminya, maji yakatoka pembeni ya soli, na ile ya kulia ikafunguka mbele kama mdomo. Akaviweka mezani. "Hizi si njumu tena," akasema. "Hii ni samaki." Nikauliza zitachukua muda gani. Akasema wiki, na hata hapo zitakuwa za kusindikiza, si za kuolea. Kisha, kwa kuwa alikuwa rafiki, akainama na kusema polepole, "Sema zimekamatwa. Kila mtu hukamatiwa. Mama ataudhika na serikali, hataudhika na wewe." Ulikuwa uongo mzuri, tena uliozoeleka. Wabebaji wenzangu wote walikuwa wameutumia siku moja au nyingine, na hakuna aliyewahi kwenda kumuuliza afisa.

Kutoka Busia hadi Tororo niliufanyia mazoezi. Nilimpa afisa hasira, nikajipa mimi maneno ya kumsihi. Nilipofika kibandani Mama Nyafwono alikuwa anafungua mabati, bado ana kitenge cha msibani kiunoni. Aliona mikono yangu mitupu, akaona uso wangu, akanirahisishia kila kitu: "Wamekamata?"

Nilichotakiwa kusema kilikuwa neno moja. Sijui hadi leo kwa nini halikutoka. Sikuwa kijana mwema kuliko wengine. Nadhani ni kwa sababu aliuliza kwa huruma, na huruma yake ingekuwa kitu kingine nilichokivaa ambacho si changu. "Hapana, Mama," nikasema. "Nilivivaa kwenda kwa kina Apio. Vikanyeshewa mlangoni nikiviona."

"Ukiviona?"

"Nikiviona."

Kwenye meza ya pili Apio aliacha kupanga vifungo. Mama Nyafwono akaendelea kufungua mabati, moja, la pili, akayaegemeza ukutani. "Mwalimu atakuja saa saba akute hakuna kitu," akasema. "Mimi nilimpa neno yangu. Wewe utaenda Paya sasa hivi, umwambie kabla hajatoka nyumbani. Na usitume mtu."

Nilimkuta Mwalimu Owori akisaidia kufunga turubai, shati limelowa jasho, wanawake wakimenya ndizi pembeni na kumtania kwamba bwana harusi mwenye mikono mizuri hivi atatumwa kufua hadi nguo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza kama anavyosikiliza mwalimu, akisubiri nifike mwisho ndipo anisahihishe.

"Kwa hiyo wewe ndiye ule mguu wangu," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na huyo msichana, amekukubali?"

"Sidhani."

"Basi mimi sina viatu, na wewe huna mke. Aliyefaidi ni nani?"

"Mvua," nikasema, na wanawake wakaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Aliingia ndani akatoka na viatu vyeusi, vya kufundishia, vumbi la chaki limeingia kwenye mishono na kisigino kimoja kimeliwa upande wa nje. Akaviweka chini mbele yangu, pamoja na kopo la rangi na kipande cha fulana. "Utalala hapa," akasema. "Kesho kabla ya saa tatu nataka nione uso wangu humo."

Nilianza mchana uleule. Nilitoa chaki kwa kijiti, nikaosha kamba, nikapaka na kusugua, nikapaka tena. Nilikuwa nimeshika viatu mwaka mzima, lakini vyote vilikuwa vitupu, havijawahi kuwa vya mtu. Vile vilikuwa na uvimbe pale penye kidole kidogo, vilikuwa na mkunjo mmoja mrefu wa mtu anayechuchumaa karibu na watoto wadogo, vilikuwa vimelegea mahali pamoja na kukaza mahali pengine. Hakuna aliyenitazama, nikaingiza mguu. Namba nane. Haukukaa. Vidole vyangu vilikuta nyumba ya mwingine, kila shimo limechimbwa kwa ajili ya mtu asiye mimi, nikautoa haraka kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha. Nikarudi kusugua. Jumamosi asubuhi Mwalimu aliinama juu ya viatu, akajiangalia, akavaa, akasema, "Vinanijua hivi," akaenda kuoa. Hakuna mgeni aliyetazama miguu yake siku nzima, isipokuwa Mama Nyafwono. Alikuja kwa gauni lake la sherehe, akavitazama alipopita, kisha akanitafuta kwa macho hadi akanipata nyuma kabisa, nikiwa na mikono myeusi.

Baada ya hapo hakunifukuza, na hakunituma mpakani. Alimchukua kijana mwingine, mwenye namba nane ya kulazimisha, na mimi akaniweka kibandani Tororo nipige brashi viatu na kuviweka upande huu na ule. Miezi minne. Mimi ambaye nimewahi kuhama mji kwa sababu ya chai mbaya, nilikaa miezi minne nikipiga brashi. Wauza nyanya waliniuliza siku moja nilipokwenda stoo, "TZ, wewe si ulisema nakwenda Kampala?" Nikasema bado. Kila asubuhi ningeweza kwenda, hakuna aliyenishika. Lakini kila nilipofikiria kuondoka niliona jinsi watakavyosema, na kwamba watakuwa sawa, na kwamba mahali popote nitakapofika nitakuwa mtu aliyetoka mbio Tororo.

Apio alinisalimia kwa adabu, na hakuuliza tena habari za miguu. Nilimuuliza mara moja tu mama yake alisema nini siku ile. Alikuwa anafunga uzi kwenye kipande cha ubao, akaendelea kufunga. "Mama alijua si yako," akasema. "Soko yote najua kazi yako, yeye asijue? Alikuwa nangoja uinuke." Akakata uzi kwa meno. "Alisema, huyu akiinuka akaokoe kiatu ya mtu, ni kijana mzuri. Tukangoja. Ukachukua mchuzi."

Asubuhi moja ya Machi, mvua za mwaka mwingine zikiwa zimeanza, Mama Nyafwono alinikuta nafagia mbele ya kibanda. Hakuniita kando, wala hakupunguza sauti. "Wandera ana buti ya mtu wa Mbale," akasema. "Namba nane. Gundi ni changa. Nenda ulete."

Nilikwenda. Wandera alinibandikia tepu, akanipiga begani. Afisa kwenye nguzo yake akasema nimepotea sana, nikamwambia nilikuwa na kazi Tororo. Nilitembea kichwa juu, lakini wingu lilipotanda karibu na stendi nilivua zile buti mbele za watu wote, nikazifunga kwenye mfuko, nikazitia chini ya shati, nikapanda gari miguu mitupu. Mtu mmoja alinicheka hadi Tororo. Nilimwacha acheke.

Mama Nyafwono alizipokea zikiwa kavu. Nikamwambia pale pale, kabla sijakaa, kwamba leo naondoka.

"Leo?" Alinitazama usoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza aliponitazama hivyo kwa muda. "Nilipokuwa na hasira na wewe hukwenda. Sasa nimekutuma tena, ndiyo unakwenda?"

"Wakati ule ningekuwa nimekimbia, Mama."

Alifikiri. Mteja alikuwa anamngoja na kiatu kimoja mkononi, akamwambia asubiri. "Haya," akasema. "Basi nenda vizuri. Na ukifika mahali, kula kwanza." Kisha akamgeukia mteja wake na kuanza kumsifia kiatu.

Gari la Mbale lilikuwa limebakiza kiti kimoja, cha nyuma, katikati ya watu wawili wanene. Dereva alizunguka soko mara mbili akitafuta abiria ambao hakuwa na mahali pa kuwaweka, na mara zote mbili tulipita mbele ya kibanda. Sikuinama. Mara ya pili Mama Nyafwono aliniona dirishani, akapunga mkono, na mimi nikapunga, hadi kona ikatuficha. Nimeondoka miji mingi tangu siku ile. Ule ndio wa kwanza nilioondoka watu wakiniona.